Kobe Wako Ako Fiti Ama Anaugua Kimya Kimya? Cheki Dalili Hizi 5

Kama unafuga kobe wa maji kwa keja, jua hii kwanza: huyu mnyama habweki, halii na hatakukimbilia akiumwa. Porini, kobe akionyesha amedhoofika analiwa. Kwa hivyo huficha ugonjwa mpaka mwili ushindwe, na ukingoja dalili kubwa mara nyingi umechelewa. Cheki haya mambo matano kila siku ukimpelekea dishi.

1. Amekataa kula
Kobe hutegemea joto la nje. Ile baridi ya Nairobi ya Julai ikipoza maji, tumbo lake nalo linalala. Anza na kipimajoto. Wale wenye alama nyekundu kando ya kichwa, ambao hufugwa sana duniani, wanataka maji ya kama 24 hadi 27°C, na mahali pakavu pa kuota joto penye kama 32°C. Joto likiwa sawa na bado amegoma siku kadhaa, huyo ni mgonjwa.

2. Anaelea upande
Akiogelea ameinama upande mmoja ama ashindwe kuzama, shuku nimonia. Angalia pia povu puani, kupumua mdomo ukiwa wazi na sauti kama ya filimbi. Hii haingoji wikendi, msee. Tafuta daktari wa wanyama leo.

3. Macho yamefura
Mara nyingi ni ukosefu wa vitamini A, yaani amelishwa nyama tupu ama letisi tupu kila siku. Maji machafu pia huchangia. Na asipoona, hawezi kula.

4. Gamba limekuwa laini
Kobe mkubwa akibonyea ukimgusa, amekosa kalsiamu na mwanga wa UVB. Usidanganyike na dirisha, kioo huzuia huo mwanga. Mtoe juani, lakini awe na kivuli cha kukimbilia.

5. Gamba linanuka
Madoa meupe ama ya pinki, unyevu na harufu mbaya ni dalili za gamba kuoza. Lakini vipande vyembamba kubanduka akikua ni kawaida, usishtuke.

Sasa hapa ndio wengi hukosea. Usikimbilie agroveti kununua dawa ya minyoo ya ng'ombe. Ivermectin, ambayo ni kawaida kwa mifugo, ni sumu kwa kobe na inaweza kumuua. Usimlazimishe kula pia. Mweke mahali pa joto, rekodi video ya vile anaelea ama kupumua, kisha umwonyeshe daktari anayejua reptilia.

Na wewe pia jichunge. Kobe anaweza kubeba salmonela hata akionekana poa. Ndio maana Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba la chini ya inchi 4 mwaka wa 1975, baada ya watoto kuugua. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, na usioshe tanki lake kwa sinki ya jikoni.

Akitunzwa poa, kobe huyu anaweza kupitisha miaka 20. Dakika mbili za kumcheki kila siku si kazi, ama?