Ndege Kozi

Maadamu Waswahili, walipokiona chombo cha chuma kikipaa, hawakukihangaikia jina la kigeni bali walikiazima jina la kiumbe arukaye, wakavipambanua viwili hivyo kwa upatanisho tu, ndege ametua mtini na ndege imetua uwanjani, ilikuwa haki kwa mabingwa wetu wa istilahi kuifuata njia hiyo hiyo pale aina za chombo zilipozidi kubainika. Badala yake kamati moja imetuletea "ndege mpiganaji", na magazeti yameridhika na "ndege ya kivita", jina lisilobagua kitu. Kwa jina hilo, ile Tu-22 ya Libya iliyokuja kumnusuru Idi Amin na kuangusha mabomu Mwanza mwaka 1979 ni sawasawa na MiG-21 za Uganda, ilhali ile ni mbebamabomu, na hizi zimeundwa zimfukuzie adui angani hata zimwangushe.

Kwa hizi za kumfukuzia adui, mimi nashika kozi, jina la ndege mwindaji. Waarabu husema muqatila, kutokana na mzizi ule ule uliotupatia katili, na maana yake ni yenye kupigana. Lakini Wafaransa na Wajerumani, ambao marubani wao ndio waliobuni kazi hii juu ya mahandaki ya mwaka 1915, waliiita ndege ya uwindaji, na hao ndio walioiona sawa. Mwewe hushuka uani akanyakua kifaranga. Kozi humkamata ndege mwenziwe papo hewani. F-15 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1972, ilikusudiwa kazi ya kozi tu, yaani kuitawala anga, kwa mbio zipitazo maradufu ya sauti na rada ya kumwona adui kutoka mbali. Baadaye ikazaliwa F-15E, iliyofunzwa na kazi ya mwewe, kushambulia nchi kavu.

Nimejibiwa, tena kwa kebehi isiyomstahili mtu wa elimu, kwamba kozi ni mafunzo ya chuoni. Neno la chuoni limeingia juzi. La ndege lilikuwapo kabla yake, na aliyetangulia hawezi kuambiwa ampishe mgeni. Isitoshe, nasema ndege kozi, maneno mawili pamoja, wala sijui mwanafunzi ambaye angeyadhani masomo. Waraka wangu wa hoja hizi kamati haikuujibu hata kwa mstari mmoja.

Matumizi ni mepesi: ndege kozi moja, ndege kozi mbili, rubani wa ndege kozi, na iliyoundwa kupiga ardhi peke yake iitwe ndege mwewe.