Tofaa, Sukari na Sufuria: Safari ya Biskuti Hadi Kianjai

Biskuti ya tofaa na karameli ilizaliwa katika nchi za baridi. Uingereza na Marekani, matofaa huiva kati ya Septemba na Novemba, majani ya miti yanapopukutika. Kwa kuwa hayaliki yote kwa mara moja, mengine huwekwa ghalani, mengine hukaushwa, na mengine huokwa pamoja na unga, siagi na sukari iliyounguzwa. Kianjai, kituo cha soko katika Tigania Magharibi, kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, miezi hiyo ni ya jembe. Watu wanatazamia mvua za vuli, maharagwe na mahindi yanaingia ardhini. Hakuna tofaa la kuvunwa wala ghala la kulijaza. Hata hivyo leo mtu wa Kianjai anaweza kuoka biskuti hiyo nyumbani kwake, na kila kitu anachohitaji, kuanzia unga hadi moto, kina historia yake katika nchi ya Meru.

Historia hiyo haijaandikwa inavyostahili. Tunapozungumzia uokaji nchini Kenya, huwa tunaanza na viwanda vya Nairobi na majina ya wenye viwanda. Mimi nashikilia kwamba mahali pake pa kuanzia ni jikoni kwa mpishi wa kuajiriwa, darasani kwa mwalimu wa sayansi kimu (somo la kazi za nyumbani), na kwenye kikundi cha akina mama.

Utamu wa kwanza wa Wameru ulikuwa asali. Mizinga ilitundikwa mitini, na asali ikapewa heshima ambayo chakula cha kawaida hakikuipata: katika mahari ya kimila ilihesabiwa pamoja na mtamba, fahali, kondoo jike na kondoo dume. Palikuwa na ndizi mbivu na miwa pia. Tanuri hawakuwa nayo. Chakula kilichemshwa juu ya mafiga, au kikachomwa, au kikavumbikwa katika jivu la moto. Hapo kwenye jivu nataka tusimame kidogo. Kiazi kitamu kilichovumbikwa vizuri hutoa utomvu unaokauka kwenye ganda na kuwa wa kahawia, mtamu wenye uchungu kwa mbali. Ni sukari ya kiazi chenyewe imeungua. Basi ladha ambayo wazungu walikuja kuiita karameli haikuwa ngeni kwa mtoto wa Tigania aliyeketi karibu na moto wa nyanya yake, hata kabla duka la kwanza halijaanza kuuza sukari.

Ngano ilikuja na serikali. Mwaka 1908 Edward Butler Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, alifungua kituo cha utawala Meru. Mwaka uleule Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga, baada ya miaka ya kuhangaika na ngano iliyoshambuliwa na ugonjwa wa kutu mashambani mwake Njoro. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia wanajeshi wa Kiingereza ardhi ulileta walowezi kwenye nyanda za Nanyuki, na mashamba yakaenea upande wa Timau, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Huko ndiko lilikoanzia shamba la Kisima la familia ya Powys, ambalo hadi leo hulima ngano. Mmeru aliiona ngano shambani kwa miaka mingi kabla ya kuila. Aliilima na kuivuna kwa ujira, nayo ikachukuliwa kwenda vinuni mbali na kwake, kisha ikamrudia dukani ikiwa unga mweupe wa kupimiwa.

Waokaji wa mwanzo wa Kiafrika katika nyanda hizi walikuwa wanaume. Hilo husahaulika upesi. Katika nyumba za walowezi kazi ya jikoni ilikuwa ya mpishi mwanamume, aliyefundishwa kwa maelekezo ya mdomo na kwa kukemewa. Mwaka 1928 chama cha wanawake wa Kanisa la Mtakatifu Andrea, Nairobi, kilichapisha kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya, *The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide*, na kikatolewa upya mara nyingi. Bibi mwenye nyumba alikuwa na kitabu, lakini mikono iliyokanda ilikuwa ya mpishi. Tanuri yenyewe mara nyingi ilikuwa debe la mafuta ya taa, lile la galoni 4, lililolazwa juu ya mawe au kuzungushiwa udongo, moto ukawekwa chini na makaa juu. Kutoa keki isiyoungua upande mmoja ndani ya debe kama hilo ni ufundi mkubwa. Mpishi hakuwa na kipimajoto. Alinyunyiza unga kidogo kwenye bati na kutazama unachukua muda gani kugeuka rangi.

Ufundi huo haukurudi kijijini haraka. Nyumbani kwa mpishi, jiko lilikuwa la mwanamke, unga wa ngano ulikuwa ghali, na mafiga hayakufaa kuoka. Wengi walizeeka na ujuzi wao katika nyumba za watu, au wakaupeleka kwenye mahoteli. Naona hiyo kuwa hasara kubwa, kwa sababu wao ndio waliojua kuyatumia matofaa ya walowezi, na hakuna aliyewauliza.

Misheni ilifungua njia nyingine. Wamisionari wa Consolata walifika Imenti mwaka 1911 na kuanzisha kituo cha Mujwa. Wamethodisti wakaanza Kaaga mwaka 1912. Kusini mwa nchi ya Meru, Kanisa la Skotlandi likafungua Chogoria mwaka 1922. Wasichana waliosoma katika vituo hivi walifundishwa kushona, kufua na kupika kwa mtindo wa Ulaya. Wakati huohuo sukari ilianza kuenea. Kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza mwaka 1922, na maduka ya Wahindi yakaifikisha sukari na majani ya chai hadi milimani. Chai ya maziwa yenye sukari ikawa kinywaji cha mgeni. Na chai, ikishapata nafasi yake, huomba kitu cha kutafunia.

Kitu hicho kwanza hakikuwa cha kuokwa. Kilikuwa mandazi, na chapati, na baadaye hafukeki za sokoni, vyote vya karai au vya kikaango. Ngano iliingia moyoni mwa watu wa bara kupitia mafuta ya moto, kwa kuwa karai linakaa vizuri juu ya mafiga na tanuri haikai. Anayetaka kujua kwa nini biskuti ya nyumbani ilichelewa Kianjai asitafute sababu kwenye ladha. Sababu ilikuwa chombo.

Biskuti ya dukani iliwahi kufika kabla yake. Madatally Manji alifungua biashara ya kuoka mikate Nairobi mwaka 1941, na katika miaka ya 1950 akaingia kwenye biskuti. Pakiti za House of Manji zilisambaa nchi nzima, zikawa zawadi ya kumpelekea mgonjwa na mtoto wa shule ya bweni.

Ujuzi wa kuoka nyumbani ulikuja kwa mlango mwingine: mwaka 1952 lilizaliwa shirika la Maendeleo ya Wanawake, chini ya idara ya serikali ya kikoloni ya maendeleo ya jamii. Viongozi wake wa vijijini walifunzwa katika Jeanes School, Kabete, na vilabu vikaenea hasa wakati wa Hali ya Hatari katika mkoa wa kati, pamoja na Embu na Meru. Lengo la serikali halikuwa keki. Ilitaka kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau, na uanachama uliweza kumwondolea mama kazi ya kulazimishwa. Ni historia yenye doa, na haifai kulipaka chokaa. Lakini wanawake walioingia vilabuni walitoka na kitu ambacho mkoloni hakuweza kukichukua alipoondoka: walijua kupima unga, kusugua mafuta ndani yake kwa ncha za vidole, na kuoka bila tanuri.

Ujuzi huo ulipata darasa lake mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Sayansi kimu ikafundishwa katika shule za msingi kote nchini na kutahiniwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa wavulana na wasichana pia. Shule nyingi za mashambani hazikuwa na umeme, sembuse tanuri. Jibu la walimu lilikuwa sufuria. Sufuria kubwa huwekwa jikoni, ndani yake mchanga au vijiwe vitatu, kisha bati lenye unga uliokandwa. Hufunikwa kwa mfuniko mzito au sinia, na makaa huwekwa juu. Makaa ya chini huwa machache na ya juu mengi, kwa sababu bati lililokaribia moto wa chini huungua kabla biskuti haijaiva katikati. Jiko la udongo na bati lililosambaa kuanzia miaka ya 1980 liliisaidia kazi hii, kwani hutunza joto na kutumia makaa kidogo. Watoto wa miaka ile ndio leo baba na mama wanaooka, na wengi wao hawakupata mwalimu mwingine wa kuoka.

Moto wa juu na chini, kwa hakika, ni elimu ya zamani katika pwani yetu. Mkate wa kumimina huokwa hivyo tangu kale, makaa yakipaliwa juu ya mfuniko. Nankhatai za sikukuu zilizotoka Gujarati, biskuti za samli na iliki, zilikuwa zikiiva Mombasa na Unguja kabla ya mlowezi kufika Timau. Na kashata, ile sukari iliyoyeyushwa na kushikana na nazi au njugu, ni ndugu wa karibu wa karameli. Kwa hiyo si kweli kwamba uokaji mtamu wa Afrika Mashariki ulianza na Mwingereza. Bara ilichukua njia yake, pwani ilikuwa na yake.

Tofaa ndilo lililochelewa kuliko vyote. Mtofaa wa Ulaya unahitaji mamia ya saa za baridi kali ili uchanue ipasavyo, na karibu na ikweta baridi hiyo hupatikana kwa shida. Walowezi walipanda michache sehemu za juu, nayo ikazaa kwa kusuasua. Mambo yalibadilika zilipopatikana aina zinazoridhika na baridi kidogo, kama Anna ya Israeli na Dorsett Golden ya Bahama. Mkulima Peter Wambugu alitumia miaka mingi kuunganisha vikonyo hadi akapata tofaa linalobeba jina lake, na miche yake imepandwa katika kaunti nyingi. Bado matofaa mengi ya masoko yetu hutoka Afrika Kusini, lakini sehemu za baridi kama Timau na Buuri zinaweza kuyazaa.

Tofaa katika biskuti lina shida yake, nayo ni maji. Likikatwa bichi na kuingizwa kwenye unga, hulainisha biskuti ikawa kama uji mzito. Linafaa kukatwa vipande vidogo, likapikwa na sukari na mdalasini hadi maji yakauke, likaachwa lipoe. Karameli hutaka uangalifu zaidi. Sukari kavu huwekwa kwenye sufuria nzito juu ya moto wa wastani. Inapokaribia nyuzi 170 za Selsiasi huwa na rangi ya kaharabu, na dakika moja baadaye inakuwa chungu isiyolika. Kwa hiyo siagi na maziwa yaliyopashwa moto huongezwa mara inapofikia rangi ya kaharabu, kwa tahadhari, maana hufura na kuunguza mkono. Kianjai haikosi maziwa. Asiye na tofaa anaweza kutumia ndizi mbivu, ambayo Meru inayo tele, naye hatakuwa ameiharibu biskuti. Atakuwa amefanya walivyofanya waokaji wote wa nchi hii tangu zamani za debe, yaani kutumia kilichopo.

Tangu 2015 mradi wa serikali wa kusambaza umeme majumbani umefikia vijiji vingi, na mitungi ya gesi iko hata kwenye vituo vidogo. Tanuri ya umeme itaingia nyumba nyingi, na sufuria ya makaa itapumzika. Sina kinyongo na hilo, kwani moshi umewaumiza mama zetu vya kutosha.

Ninaloliomba ni hili. Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa mwaka 1974 katika jengo la mawe la mkuu wa wilaya lililojengwa 1916, linatunza historia ya Wameru kwa watu wote. Lipewe pia debe la mpishi, sinia lililounguzwa na makaa, na daftari la sayansi kimu lenye madoa ya mafuta. Ikiwa mama yako au babu yako aliyekuwa mpishi bado yupo, mwulize alijifunzia wapi kuoka, uandike jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, na daftari lake usilitupe.