KRAPF ALIMWITA MTOTO "CHOZI"



Ukisimama Mji wa Kale ukatazama ng'ambo ya maji, upande wa Nyali, huko ndiko alikozikwa Rosine, mke wa mmishonari Johann Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni, Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhiddin. Mwezi Julai homa ikaingia nyumbani. Rosine alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na kichanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa ugonjwa.

Baadaye aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi imeanza. Sisi wahubiri tunaipenda sana barua hiyo. Nami niliihubiri kwenye mazishi, mbele ya kijana aliyefiwa na mkewe. Nikamwambia, "Ndugu, usilie. Mtazame Krapf." Akaitikia "Amina."

Miezi minne baadaye dada yake akanipigia simu. Kijana halali, haendi kazini, na anasema anataka kumfuata mkewe.

Usiku ule niliirudia historia, nikaona nilichokiruka. Kabla ya Mombasa, Krapf na Rosine walizika binti mwingine, aliyezaliwa njiani huko Habeshi. Walimpa jina Eneba. Kwa Kiamhari ni "chozi". Mtu yuleyule wa barua ya ushindi alikuwa amemwita mwanawe Chozi! Nilimhubiri nusu mtu.

Na Biblia je? Soma 1 Wafalme 19. Eliya anaomba afe, na malaika hamkemei. Anamwacha alale, anampa chakula, kisha analala tena. Mahubiri hayajafika bado. Soma Zaburi ya 88: inaanza gizani na kuishia gizani, na bado ni maombi.

Asubuhi nilimpeleka kijana kwa mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inataka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe. Kupakwa mafuta si leseni. Mshauri alishughulikia usingizi na yale mawazo ya kifo, waziwazi, bila kuzungukazunguka. Mimi nilibaki mchungaji. Nilimuuliza kwanza kama anataka tuombe. Siku nyingine alikataa, tukakaa kimya kama watu wa matanga. Siku aliyotaka, alisoma Zaburi ya 88 kwa sauti, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kanisani sikutaja habari zake. Hata leo naandika kwa ruhusa yake.

Yuko hai. Amerudi kazini.

Mpendwa, kama unawaza kujiua, usingoje ibada ya Jumapili. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo. Nasi watumishi, tusimnyang'anye mtu chozi lake kwa jina la imani. Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia.

Baba, utufundishe kulia na wanaolia. Katika jina la Yesu, amina.