Mmea Utambaao na Mateso ya Mpira katika Kongo ya Leopold II

Historia ya Dola Huru ya Kongo (1885–1908) husimuliwa mara nyingi kama historia ya tamaa ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi kueleza kwa nini uvunaji wa mpira uliambatana na kuteka wanawake na kukata watu mikono. Insha hii inadai kwamba sehemu ya jibu imo msituni, katika maumbile ya mmea wenyewe.

Mpira huo haukutoka kwenye miti iliyopandwa shambani. Ulitoka hasa kwenye mimea itambaayo ya jenasi ya Landolphia, jamaa ya mtoria wa mwambao wa Afrika Mashariki. Mmea huu huota hapa na pale msituni na kupanda juu ya miti mirefu kutafuta mwanga. Mgema alilazimika kwenda mbali, kukwea na kuchanja. Aliyeukata shinani ili apate utomvu mwingi kwa haraka aliuua, na safari iliyofuata ikawa ndefu zaidi.

Shambani, nyapara mmoja huweza kusimamia watu wengi. Msituni haiwezekani. Kwa hiyo kampuni kama ABIR, iliyoanzishwa mwaka 1892, zilishika familia badala ya mgema: wanawake walifungiwa mpaka waume zao walete kiasi kilichotakiwa. Nao askari wa Force Publique walidaiwa mkono wa maiti kwa kila risasi, na wengine waliwakata walio hai.

Haraka nayo ilichangia. Tairi la upepo la Dunlop la mwaka 1888 lilipandisha mahitaji ya mpira, huku miti ya mpira yenye asili ya Brazili ikianza kupandwa Asia. Faida ya mpira wa porini ilikuwa ya muda mfupi, na kila mwaka ulikuwa na thamani.

Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 na kampeni ya E. D. Morel zilichangia Ubelgiji kuitwaa Kongo mwaka 1908.

Hata hivyo, hoja hii haimwondolei mtu lawama. Wakazi wa misitu hiyo walikula matunda ya Landolphia kabla ya Leopold. Mmea uliamua mahali pa kazi na ugumu wake. Kuifanya kazi hiyo kuwa mateso ulikuwa uamuzi wa binadamu.