Seli Isiyo na Kiini

Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha elimu ya viumbe katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na Tunduma. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Songwe tulikuja kuupata mwaka 2016. Shule ilikuwa na hadubini moja. Tuliifungia kabatini kama dhahabu, na siku ilipotolewa hata watukutu walinyamaza.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kitunguu. Unabandua ule ngozi mwembamba wa ndani, unautandaza juu ya kioo, unadondosha tone la iodini, kisha wanafunzi wanapanga foleni. Mmoja baada ya mwingine waliinua kichwa na kusema neno lile lile: matofali. Watoto wa Mbozi wamekua wakiona tanuri za matofali, na kweli seli za kitunguu zimepangwa hivyo, kila moja na ukuta wake.

Ukuta huo ndio uliomfanya Robert Hooke wa Uingereza awe wa kwanza kuandika habari za seli, mwaka 1665. Alikata kipande chembamba cha gamba la mti unaotengenezewa vizibo, akaona vijumba vitupu, akavipa jina la vyumba vidogo. Msomaji aangalie hapo: alichokiona kilikuwa magofu. Seli zenyewe zilikwisha kufa, zimebaki kuta. Ilipita miaka zaidi ya 160 kabla Robert Brown, mwaka 1831, hajatangaza kwamba ndani ya seli za mimea kuna kidonge alichokiita kiini. Mwaka 1838 Schleiden akasema mimea yote imejengwa kwa seli. Mwaka uliofuata Schwann akasema hata wanyama. Naona si ajabu mimea kutangulia. Seli ya mnyama haina ukuta, ina utando tu, laini kama ule wa ndani ya ganda la yai, na kuiona kulitaka subira na vioo bora.

Hayo niliyafundisha vizuri, nadhani. Seli ya mmea: ukuta mgumu, mfuko mkubwa wa maji katikati, na katika majani zile chembe za kijani zinazopika chakula kwa jua. Seli ya mnyama: utando, ute, kiini. Nikaandika ubaoni kwamba kila seli ina kiini, nacho ndicho mtawala wake.

Kipindi kilichofuata nikaweka slaidi ya damu ya binadamu iliyoletwa tayari na sanduku la vifaa. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikaa muda mrefu mno kwenye hadubini. Alikuwa mwembamba, macho yenye umanjano, mtoto wa mama mfanyabiashara wa mchele aliyehamia mpakani kutoka Kyela. Akasema, "Mwalimu, samahani. Umesema kila seli ina kiini. Hizi mbona katikati ni nyeupe tu?"

Nikamjibu kwamba hadubini yetu ni chakavu, akakae.

Hadubini haikuwa na kosa. Seli nyekundu ya damu ya binadamu huzaliwa ndani ya uboho ikiwa na kiini, kisha hukitupa kabla ya kuanza safari, ipate nafasi ya kubeba himoglobini inayochukua oksijeni. Huishi siku 120 hivi, ikijikunja kupita katika mishipa myembamba kuliko yenyewe. Haina ukuta wa kuizuia. Mwanafunzi aliona, mwalimu alikariri.

Kijana huyo alikuwa akikosa shule mara kwa mara. Akirudi husema miguu ilimuuma, mifupa ilimuuma. Wenzake walimwita mvivu, nami sikuwa mbali nao. Muhula wa pili, baada ya kukosa siku tisa, nilimchapa viboko vinne mbele ya darasa. Hakulia.

Mwezi mmoja baadaye mama yake alikuja na karatasi ya hospitali. "Mwalimu, mwanangu wamempima. Wanasema ni damu." Ilikuwa selimundu, na jina hilo linajieleza: himoglobini yenye kasoro hugandamana oksijeni inapopungua, seli ikapinda kama mundu, ikawa ngumu, ikakwama katika mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Kipimo chenyewe kilikuwa tone la damu, dawa ya kuondoa oksijeni, na hadubini kama ile yetu ya kabatini.

Nilianza kusoma, kwa kuchelewa. James Herrick aliandika habari za seli hizo huko Chicago mwaka 1910, alipozikuta katika damu ya kijana aliyetoka Grenada. Lakini aliyenishughulisha zaidi ni Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alikusanya damu za watu wa Kenya akaona kwamba kule pwani na kando ya Ziwa Viktoria wenye chembe ya ugonjwa huu ni wengi, ila nyanda za juu ni wachache mno. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 akatangaza sababu: anayerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa asiuawe na malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayelipa. Nikafikiria Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa, na mbu wake.

Kijana alihamishwa kabla ya kidato cha nne. Sikupata kumwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi.

Mama yake nilikutana naye tena mwaka 2005, sokoni Tunduma, nyuma ya magunia yake. Tulisalimiana. Akaniambia mwanawe alifariki miaka miwili nyuma, akiwa na umri wa miaka 25. Nikamwambia, "Mama, mimi nilimchapa." Akasema anajua, alimsimulia siku ile ile. Akanipimia kilo mbili za mchele, akafunga vizuri mfuko, akakataa pesa yangu.