Kujijengea ordinateri ya kurekodi nyumbani: mambo ya kujua hapa Kindu

Kwaya zetu, vijana wa muziki wa Kasuku na Mikelenge, hata walimu na wachungaji wanaorekodi mafundisho yao, wengi wanafanya kazi na ordinateri ambazo zilifika mjini zikiwa tayari zimetumika ofisini kwa watu wengine. Kiisha miaka michache mashini inachoka: wimbo unakatika katikati, ekrani inaganda, feni inalia kuliko mwimbaji. Hapo watu wanaanza kuchanga feza, na swali linakuja: tununue ingine ya tayari, ao tukamate vipande kimoja kimoja na kujijengea?

Mashauri mengi yanayopatikana kwenye intaneti yameandikwa na watu ambao kwao umeme haukatiki na duka la vipande liko upande wa pili wa barabara. Kwetu swali la kwanza si mashini iko na mbio gani. Ni hili: inakula wati ngapi, na siku ikiharibika, nani ataitengeneza hapa hapa bila kuituma Kinshasa?

Kwanza tujue ugonjwa

Watu wanatupa mashini ambazo zingepona. Kabla ya kuchangisha kwaya nzima, fungua wimbo wenu ule mzito zaidi, kiisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mara moja. Windows itakuonyesha kazi ya prosesa, ya memori na ya diski. Kama diski imefika asilimia 100 na prosesa inapumzika, shida si ordinateri nzima, ni ile diski ya zamani inayozunguka. Itoe, weka diski ya SSD isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, na mashini ya miaka kumi itaamka. Kama memori njo imejaa, ongeza mpaka giga 8 ao 16, ikiwa ubao wake unakubali.

Mashini ikienda vizuri dakika kumi za kwanza, kiisha ikalegea, mara nyingi ni joto. Vumbi limeziba njia ya hewa, ao ile pasta iliyo kati ya prosesa na chuma cha kuipoza imekauka. Kindu haiko mbali na ikweta, joto na unyevu ni vya kila siku, na sisimizi nao wanapenda kujenga mahali pa moto. Fundi mwenye burashi na pasta mpya anaweza kukuokolea feza nyingi.

Lakini kama prosesa yenyewe inafika 100 kila mara, na ubao haukubali ingine yenye nguvu zaidi, hapo mashini imefika mwisho wake.

Kuna sababu ingine inayosukuma watu siku hizi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inakataa rasmi mashini nyingi za zamani: kwa prosesa za Intel inadai kizazi cha nane na kuendelea. Usikimbie kununua kwa sababu hiyo peke yake. Ordinateri ya kurekodi ambayo haiingii kwenye intaneti inaweza kuendelea na Windows 10. Adui yake mkubwa ni zile kle USB za wageni wanaokuja kuchukua wimbo wao.

Hesabu ya batri

Tukamate batri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ile watu wanafunga na paneli za jua. Kwa karatasi ina wati-saa 1200. Kama ni ya risasi na unataka idumu, usitoe zaidi ya nusu, yaani 600. Konvertiseri inakula sehemu yake, unabaki na kama 500 hivi. Ordinateri ya zamani ya meza, pamoja na ekrani yake nene, inaweza kukamata wati 200: saa mbili na nusu, kiisha giza. Mashini ya kujengwa isiyo na karti kubwa ya picha, na ekrani bapa, inaweza kufanya kazi ile ile kwa wati 70 hivi. Hapo unapata karibu saa saba. Kwa kwaya inayolipa mafuta ya jenereta, tofauti hiyo njo bei ya kweli ya mashini.

Hapa kuna jambo ambalo watu wanachanganya sana sokoni. Alimantasio iliyoandikwa wati 500 haili wati 500. Ile namba ni kiasi inachoweza kubeba. Inachota tu kile vipande vinadai. Kwa hiyo ya wati 400 ya kiwanda kinachojulikana, yenye alama ya 80 Plus, inatosha na kubaki. Ya wati 700 isiyo na jina inaweza kuunguza kila kitu siku umeme unaporudi kwa nguvu. (Ukiinua ikawa nyepesi kama kopo tupu, irudishe.) Weka stabilizateri mbele yake, ao onduleri yenye batri kama feza inaruhusu.

Tuseme pia ukweli kwamba ordinateri ya kubeba inakula umeme kidogo zaidi na iko na batri yake. Kuna hata visanduku vidogo vyenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka 2023, ambayo imepangiwa wati 6 tu. Kwa mtu anayerekodi sauti moja na gitaa, hiyo inatosha kabisa. Mashini ya kujengwa inashinda mahali pengine: kipande kikikufa, unabadilisha kipande hicho, si mashini nzima. Kwenye mji ambapo kila kitu kinafika kwa shida, mimi naona hiyo ni sababu ya kutosha.

Vipande vya kukamata

Chagua prosesa yenye picha ndani yake, ili usinunue karti ya picha. Intel Core i3-12100 ya mwaka 2022 iko na kore nne. AMD Ryzen 5 5600G ya 2021 iko na kore sita. Zote mbili zinabeba wimbo wa kwaya bila kulalamika. Angalia sana herufi za mwisho: i3-12100F, ile yenye F, haina picha. Bei yake iko chini kidogo, unafurahi, kiisha ekrani inabaki nyeusi.

RAM ya giga 16 inatosha. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, juu viwanda vinahudumia kwanza mashini kubwa za akili bandia. Ndiyo maana ubao wa DDR4 ni chaguo la busara kuliko DDR5: RAM ya DDR4 inapatikana ndani ya ordinateri nyingi zilizokufa. Ya DDR3 haitaingia, kipengele chake kimekatwa mahali tofauti, hata ukilazimisha utavunja tu. Kisanduku, klavie, kipanya na ekrani bapa vya zamani vinaweza kuhama. Alimantasio ya zamani usihamishe.

Diski, tufanye hesabu. Sauti moja iliyorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 inakula karibu mega 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye njia nane za sauti ni mega 345 hivi. Mkirudia mara kumi, na kila kwaya inarudia mara kumi, ni giga tatu na nusu. SSD ya giga 500 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawasemi: kurekodi hakudai nguvu nyingi. Kinachodai nguvu ni kuchanganya, pale unapopanga njia ishirini na kila moja unaiwekea mwangwi. Shida ya mwimbaji kujisikia akichelewa ndani ya kaske haitoki kila mara kwenye prosesa dhaifu. Ordinateri inakusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuirudisha. Fungu la sampuli 1024 ni milisekunde 21, sawa na kusimama mita saba mbali na ngoma. Fungu la 128 si hata milisekunde tatu. Karti ya sauti ya nje ya USB yenye kitufe cha kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja inaondoa shida hiyo hata kwenye mashini ya zamani. Kama feza yenu inatosha kitu kimoja tu, nunueni karti ya sauti kwanza, ordinateri itafuata.

Kwa programu, Audacity ni ya bure. Reaper inaomba dola 60 kwa mtu binafsi na ni nyepesi hata kwa mashini ndogo. Ardour ndani ya Ubuntu Studio inafaa kwa mwenye kuvumilia kujifunza Linux.

Barabara, reli na ndege

Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, njia moja ambayo vyombo vya elektroniki vilipitia kufika huku ilikatika. Mizigo inategemea ndege za Kinshasa, reli ya SNCC kutoka Lubumbashi, ama pikipiki zinazovuka matope. Kwa hiyo mashini isisafiri ikiwa imejengwa. Chuma cha kupoza prosesa kinaning'inia kwenye ubao, na kwa kila shimo kinauvuta mpaka unapasuka. Vipande vije kila kimoja ndani ya katoni yake, ubao ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na fundi aviunganishe hapa. Mwambieni muuzaji aandike kwenye karatasi namba kamili ya kila kipande, juu kurudisha kitu kilichokosewa kunaweza kukamata mwezi.

Kabla ya kufunga skrubu zote, unganisheni juu ya meza ya mbao: ubao, prosesa, RAM moja, ekrani. Ikiwaka hapo, itawaka ndani ya kisanduku.

Ile milio isiyo ya wimbo

Mashini mpya haiondoi mlio wa jenereta. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na bila waya wa ardhi ule mngurumo mzito unaingia ndani ya mikro na kukaa. Konvertiseri za bei ndogo, zisizotoa wimbi safi, zinaongeza mlio wao wenyewe. Mafundi wengine wanarekodi wakati jenereta imezimwa, kwa batri peke yake, na kuiwasha tena wakati wa kuchanganya. Ni akili nzuri. Mikro ya daynamiki, kama Shure SM58, inasikia kidogo kelele za nje. Zile za kondensa, zinazodai volti 48 kutoka karti ya sauti, zitakuletea jogoo wa jirani na pikipiki ya mtaa wa pili. Na mvua ikianza kwenye mabati, zimeni, ngojeeni.

Nakala

Hapa njo mahali penye hasara isiyolipika. Ordinateri inanunuliwa tena. Sauti ya mzee wa Kigenya aliyeimba nyimbo za kasia mwaka jana, na mwaka huu hayupo, hainunuliwi. Diski za SSD zinakufa bila kukohoa kwanza, tofauti na zile za zamani zilizoanza kwa kulia krr-krr. Kila kazi iwe na nakala mbili, na nakala ya pili isilale nyumba moja na ya kwanza: moja ibaki studio, ingine iende Alunguli ng'ambo ya mto, kwa mtu wa kuaminika. Diski ya zamani inayozunguka, ile mliyoitoa, kama bado ni nzima inafaa kazi hiyo. Iwekeni ndani ya kisanduku cha USB, na mara moja kwa mwezi muiunganishe na kufungua wimbo mmoja kuona kama bado inasoma. Mashini ya zamani yenyewe msiiuze mpaka ile mpya imemaliza miezi miwili bila kuzimika, na mkiiuza, diski ibaki kwenu.