Mji Mkongwe: Mawe yanayotaka chokaa kila mwaka

Manowari za Kiingereza zilipoupiga mabomu ufukwe wa Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, Agosti 27, 1896, kasri la Beit al-Hukm lilibomoka, lakini jirani yake Beit al-Ajaib likabaki wima. Desemba 25, 2020, siku isiyo na vita vyovyote, upande mmoja wa jumba hilo la Sultan Barghash uliporomoka likiwa katika ukarabati. Watu wawili walikufa.

Adui wa majumba haya si mabomu tu. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Kuta hizi hunyonya maji na kuyatoa, mradi zimepakwa chokaa. Ukizipiga saruji, kama wengi walivyofanya kwa kudhani ndiyo imara zaidi, unyevu hufungiwa ndani, lipu ikabambuka na boriti zikaoza pale zilipoingia ukutani. Paa likivuja masika mawili matatu, ghorofa ya juu huanza kushuka.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi walikimbia au walinyang'anywa, na Serikali ikaingiza wapangaji. Walipata makazi, nalo halikuwa jambo dogo. Lakini nani angepanda darini kuziba ufa wa nyumba isiyo yake? Nguvu za Serikali nazo zilikuwa nje ya Mji Mkongwe, Michenzani, kwenye maghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa 1985. Miaka ya 1990 Taasisi ya Aga Khan ilisaidia kuandaa mpango wa hifadhi na kuifufua Dispensari ya Zamani, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia. Watalii wakaja, hoteli zikafuata. Hatuwezi kukana kwamba hoteli zimeokoa majumba ambayo leo yangekuwa vifusi. Ila mtaa wa hoteli tupu hauna wazee wa barazani wala watoto wanaokwenda chuoni.

Mwenye hoteli ana uwezo wa kununua chokaa. Serikali imtazame kwanza mkaazi wa mitaa kama Malindi na Mkunazini: imkopeshe chokaa na boriti, tena impatie fundi anayeijua kazi, kabla hajakata tamaa akauza.